-en, -ify, -ize, -ate au bila mkia? Njia za Kiingereza za kugeuza neno kuwa kitenzi

Mswahili akitaka kupata kitenzi kutoka fupi, safi, taifa au bora, haumizi kichwa: fupisha, safisha, taifisha, boresha. Mkia ni -isha au -esha, na anayeamua ni irabu iliyo kwenye shina, si msemaji. Akihamia Kiingereza anakuta mikia minne, -en, -ify, -ize na -ate, na njia ya tano ya kutotia mkia wowote. Ndipo yanapozaliwa maneno kama *strongen*, *shortify* na *simplize*, ambayo mwalimu huyapigia mstari mwekundu bila kueleza kwa nini.

Wengi tulifundishwa kuikariri mikia hii kama orodha. Mimi naona orodha inachosha bure. Mara nyingi neno lenyewe ndilo linalochagua mkia, kwa sauti zake na idadi ya silabi zake, kama ‘bora’ inavyodai -esha. Maana hufuata baadaye.

## Nimelinganisha kwa vigezo gani

Vitano. Umbo: neno mama lina silabi ngapi na linaishia na sauti gani. Maana: kitenzi kinachopatikana kinasema nini. Matamshi: mkazo unakaa wapi. Maandishi: tahajia, pamoja na nomino inayozaliwa baadaye, kwa sababu mwandishi wa ripoti ataihitaji kabla aya haijaisha. Na uhai: je, mkia bado unazaa maneno mapya? Vigezo hivi havina uzito sawa kila mahali. Kwa -en umbo ni karibu kila kitu. Kwa -ate umbo halikusaidii sana.

## -en

Huu ndio mkia wa asili wa Waingereza, umetoka kwenye Kiingereza cha kale. Ile mingine mitatu ilikuja kwa njia ya Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Basi si ajabu kwamba -en unapenda maneno mafupi ya kila siku: *short* huwa *shorten*, *wide* huwa *widen*, *soft* huwa *soften*, *dark* huwa *darken*, *ripe* huwa *ripen*.

Masharti yake ya umbo ni mawili. Neno liwe na silabi moja, na sauti ya mwisho iwe ya kubana au kuziba pumzi: p, t, k, d, f, s, sh, th na jamaa zake. Ikiwa neno linaishia na m, n, ng, l au irabu, -en haiingii. Tazama rangi. *Black*, *white* na *red* zina *blacken*, *whiten* na *redden*. *Green* na *brown* zinaishia na n, *blue* na *yellow* zinaishia na irabu, kwa hiyo hakuna *greenen* wala *bluen*. Si kwamba Waingereza hawajawahi kuona kitu kikiwa kijani. Sauti ndiyo iliyokataa.

Utamu wenyewe uko kwenye *strong*, *long* na *high*. Mbili za kwanza zinaishia na ng, ya tatu inaishia na irabu kwa kuwa gh yake haitamkwi. Zote tatu zimefungiwa nje. Lugha ikazunguka nyuma ya nyumba: ikachukua nomino *strength*, *length* na *height*, ambazo zinaishia na th na t, ikazitia -en. Tukapata *strengthen*, *lengthen*, *heighten*. Aliyeelewa hilo haandiki tena *strongen*, na hashangai kwa nini *widen* imetoka kwenye kivumishi ilhali *lengthen* imetoka kwenye nomino.

Ila kanuni hii inakataza vizuri kuliko inavyoruhusu. *Hot* inaishia na t lakini kitenzi chake ni *heat*. *Wet* hubaki *wet*. *Large* na *rich* zimetiwa kiambishi mbele badala ya nyuma: *enlarge*, *enrich*. Kwa hiyo neno likishindwa masharti mawili, achana na -en. Likiyapita, bado fungua kamusi.

Kwa upande wa maana, kitenzi kimoja cha -en kinafanya kazi ya -ika na ya -isha. *The days are shortening*: siku zinafupika. *The tailor shortened the dress*: fundi alifupisha gauni. Hakuna haja ya kuongeza *itself* kwenye sentensi ya kwanza, kosa ambalo wazungumzaji wa Kiswahili hulifanya kwa kutafuta -ika isiyokuwepo.

Mitego miwili ni ya kukumbuka. *Fasten* si kuongeza kasi. Ni kufunga au kukaza, kutokana na ile *fast* yenye maana ya imara. Mhudumu wa ndege akisema *fasten your seat belts* hamharakishi mtu. Kuharakisha ni *hasten*, *quicken* au *speed up*. Na *cheapen* kwa kawaida ni kushusha hadhi ya kitu, hivyo mwenye duka anayetangaza punguzo asiandike kwamba amezi-*cheapen* bidhaa zake. Atakuwa amezitukana.

Matamshi hayasumbui, kwa kuwa mkazo unabaki ulipokuwa. Kumbuka tu kwamba t inayotanguliwa na f au s humezwa: *soften* husikika ‘sofn’, *moisten* husikika ‘moisn’. Katika maandishi, baadhi ya konsonanti hurudufiwa, kama *redden*, *sadden* na *flatten*. Nomino maalumu hakuna, utatumia -ing: *the widening of the road*. Uhai wake umekwisha kwa kiasi kikubwa. Usitarajie neno jipya la mwaka huu lije na -en.

Unamfaa mwandishi wa mapishi, fundi, mshonaji na mtunzi wa hadithi: *thicken the sauce*, *loosen the bolt*, *tighten the belt*.

## -ify

Asili yake ni Kilatini -ficare, na ndani yake limejificha neno la ‘kufanya’. Ulipita Ufaransa ndipo ukavuka bahari. Maana yake ni karibu ileile siku zote, kufanya kitu kiwe hivi au vile: *purify*, *simplify*, *beautify*, *intensify*.

Umbo linaloupendeza ni neno fupi, au lenye mkazo mwishoni kama *intense* na *diverse*, au linaloishia na -y. Maneno ya -ity yanavua mkia wake kwanza: *identity* na *identify*, *quantity* na *quantify*, *unity* na *unify*. Tazama pia jinsi unavyookota yale ambayo -en haiwezi kuyashika. *Pure* na *clear* zinaishia na r au irabu, kutegemea nani anatamka. *Null* inaishia na l. Zote zimepata hifadhi hapa: *purify*, *clarify*, *nullify*. Hilo la mwisho wasomaji wa magazeti ya Kiingereza Kenya walilikuta sana Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais.

Kazi ngumu iko kwenye mkazo. Mkia huu unauvuta mkazo hadi kwenye silabi inayotangulia -ify moja kwa moja, hata kama hapo mwanzo ulikuwa kwingine. *SO-lid* inakuwa *so-LID-ify*. *PER-son* inakuwa *per-SON-ify*. *HU-mid* inakuwa *hu-MID-ify*. Ulimi uliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho hutaka kuushusha hadi kwenye ‘fai’, na hapo msikilizaji wa London au Chicago anasita kidogo kabla ya kuelewa. Kwa anayejiandaa kwa usaili au hotuba, yafanyie mazoezi ya sauti haya kabla ya mengine yote.

Nomino ni rahisi, -ification: *simplification*, *classification*, *electrification*. Tahajia nayo ni rahisi isipokuwa kwa kundi dogo linaloandikwa na e: *liquefy*, *putrefy*, *rarefy*, *stupefy*. Kundi hili hupenda nomino ya -faction, na *satisfy* huambatana nalo kwa *satisfaction* ingawa yenyewe ina i.

Kuhusu uhai, -ify uko macho na una utani. *Gamify*, yaani kuingiza mbinu za mchezo kwenye kazi au masomo, ni neno la enzi ya kompyuta. Majina ya kampuni kama Spotify na Shopify yameusogeza mkia huu hadi kwenye simu ya kila mtu. Mtu akitaka kubuni kitenzi cha kuchekesha kwa Kiingereza leo, mara nyingi ataanza hapa. Unamfaa mwalimu wa sayansi, mwanasheria, na yeyote anayetafuta jina la programu.

## -ize, na ndugu yake -ise

Mkia huu ni wa Kigiriki, -izein, uliopokelewa na Kilatini cha kanisa ukasambaa Ulaya. Sisi wenyewe tumeubeba bila kujua: ‘batiza’ ina mkia huohuo, ila umevaa vizuri hata unaonekana ndugu wa ‘ingiza’ na ‘punguza’.

Umbo lake ni kinyume cha -ify. Unataka neno la silabi mbili au zaidi, na silabi ya mwisho isiwe na mkazo: *modern*, *legal*, *standard*, *hospital*, *computer*. Mkazo kwa kawaida hauhami, *HOS-pital* na *HOS-pitalize*. Ukiziweka -ify na -ize bega kwa bega utaona zimegawana maneno karibu bila ugomvi. *Solid* na *humid* zilipaswa kwenda kwa -ize; zilipokwenda kwa -ify zililazimika kuhamisha mkazo wao, na hiyo ndiyo gharama. Neno likiishia na -y, y inaondoka: *summary* na *summarize*, *memory* na *memorize*, *apology* na *apologize*. Likiishia na c, herufi inabaki lakini sauti inakuwa s: *publicize*, *criticize*.

Maana zake zimetawanyika kuliko za mikia mingine. Kuna kufanya kuwa, kama *modernize*. Kuna kuingiza mahali au kwenye mfumo, kama *hospitalize* na *computerize*. Na kuna kutenda tu, bila kumgeuza mtu wala kitu: *apologize*, *sympathize*, *economize*. Kundi hili la tatu ndilo linalotukosesha. Anayefikiri -ize ni -isha ataandika *he apologized me*, wakati Kiingereza kinataka *to* katikati.

Wanasiasa na watawala wanaupenda mno, na historia yetu imeandikwa kwa huo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki ya Tanzania yalitaifishwa: *nationalized*. Kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 kunaitwa na wanazuoni wa Kiingereza *villagization*. Mwaka 1973 Mobutu, rais wa Zaire, alitangaza hatua za kukabidhi biashara za wageni kwa wenyeji, nazo zikapata jina la *Zairianization*. Ona kwamba yote yameingia vitabuni kama nomino. Hapo ndipo ninapokuwa na kinyongo kidogo na mkia huu. Nomino ya -ization inameza mtendaji. Ripoti ikisema *sensitization of the community was done*, msomaji hajui nani alimhamasisha nani, kwa siku ngapi, wala kwa posho ya nani. Ukiweza, rudi kwenye kitenzi na umtaje mtu.

Sasa z au s. Wengi huamini z ni ya Marekani na s ni ya Uingereza. Nusu ni kweli. Marekani hutumia z. Uingereza magazeti na serikali hupendelea s, lakini kamusi za Oxford zimeshikilia z kwa kufuata Kigiriki, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanafuata mtindo huo. Ndiyo maana jina la Shirika la Kazi Duniani ni *International Labour Organization*: *Labour* kwa u ya Kiingereza cha Uingereza, *Organization* kwa z, jina moja. Magazeti yetu ya Kiingereza mengi huandika s. Chagua moja na usibadilishe njiani.

Lakini yapo ambayo hayana hiari hata Marekani: *advise*, *supervise*, *revise*, *televise*, *improvise*, *surprise*, *exercise*, *compromise*, *advertise*. Mengi ya haya hayana mkia wetu hata kidogo. Kwenye *-vise* kuna Kilatini cha kuona, kwenye *-prise* kuna Kifaransa cha kushika. Anayeandika *supervize* ili aonekane Mmarekani amekosea kote kuwili.

Uhai upo tele, mpaka wenye lugha wanalalamika. *Finalize*, *prioritize* na *incentivize* zimepigiwa kelele kwa miaka, na bado ziko ofisini. Kwa barua ya kazi na sera utaihitaji -ize. Kwa hadithi itakufanya usikike kama mwenyekiti wa kikao.

## -ate

Huu sitakaa nao sana, kwa sababu hauna kanuni ya kukushika mkono. Umetokana na vitenzi vya Kilatini, na maneno mengi yaliingia Kiingereza yakiwa tayari na mkia: *create*, *tolerate* na *navigate* hayana neno mama la Kiingereza la kuonyesha kwa kidole. Yanayoonekana mama yake ni kama *active* na *activate*, *valid* na *validate*, *vaccine* na *vaccinate*, *origin* na *originate*.

Nguvu yake iko maabara na hospitalini: kutia klorini majini ni *chlorinate*, uchavushaji wa maua unatoka kwenye *pollinate*. Nomino huwa -ation bila usumbufu.

Jambo moja la matamshi linafaa kukaririwa. Maneno kadhaa ya -ate ni kitenzi na pia kivumishi au nomino, yakiandikwa sawasawa. Kitenzi huishia ‘-eit’, mengine huishia ‘-it’ hafifu: *separate*, *graduate*, *estimate*, *moderate*, *delegate*. Anayetamka ‘-eit’ kila mahali anaeleweka, ila husikika akitenda pale alipotaka kutaja tu.

## Bila mkia wowote

Kiingereza cha leo kinapenda njia hii kuliko zote, na ndiyo tunayoisahau kwa kudhani kwamba kila kitenzi lazima kivae kitu. *Water the plants*, *bottle the juice*, *chair the meeting*, *brown the onions*. Kila teknolojia mpya hupita hapa kwanza: *email*, *text*, *google*.

Njia hii ndiyo inayoziba pengo la -en. *Cool*, *warm*, *slow*, *thin*, *clean*, *dry*: zote zinaishia na sauti ambazo -en inazikataa, na zote ni vitenzi zilivyo. Mara chache sauti ya ndani hubadilika bila tahajia kubadilika: *house* na *use* zikiwa nomino huishia na s, zikiwa vitenzi huishia na z. Katika *advice* na *advise* hata tahajia hubadilika.

Hatari yake ni maana, kwa kuwa hakuna mkia wa kukuongoza. *Table a motion* kwa Waingereza, na kwa mabunge ya Afrika Mashariki, ni kuwasilisha hoja ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Mtafsiri wa mkutano wa kimataifa aulize kwanza msemaji ametoka wapi.

## Neno moja, mikia mitatu

Wapo wachache waliochukua zaidi ya mkia mmoja, na hapo maana ndiyo inayoamua. *Liquid* imechukua mitatu. *Liquefy* ni kugeuza kuwa kimiminika, kama gesi asilia inayopozwa ili ipakiwe melini. Ndiyo L ya LNG, *liquefied natural gas*, ule mradi unaozungumzwa Lindi. *Liquidize* ni kusaga kwenye blenda, hasa Uingereza. *Liquidate* ni kufilisi kampuni, au kuua mtu kwa lugha ya kijasusi. Ukikosea mkia kwenye ripoti ya nishati, umeifilisi gesi.

*Person* nayo ina *personify*, kukipa kitu sifa za mtu, na *personalize*, kutengeneza kitu kifae mtu fulani. Mwanafunzi wa fasihi anataka ya kwanza, muuza simu anataka ya pili.

## Uchague vipi

Uko kwenye mtihani na huna kamusi: hesabu silabi na usikilize sauti ya mwisho. Kivumishi cha silabi moja kinachoziba pumzi, jaribu -en. Kifupi chenye m, n, l au irabu mwishoni, kiache kilivyo, au kama kinanukia Kilatini jaribu -ify. Kirefu chenye mwisho usio na mkazo, -ize. Na ukikwama kabisa, *make it stronger* ni Kiingereza safi ambacho hakuna msahihishaji atakayekikata.

Unaandika barua ya kazi au pendekezo la mradi: -ize na -ify zitakutosha, ila tazama idadi ya -ization katika ukurasa mmoja. Zikiwa zaidi ya chache, geuza baadhi ziwe vitenzi vyenye watu ndani yake. Amua z au s siku ya kwanza, na mwenzako unayeandika naye aamue vilevile.

Unatoa maelekezo ya kazi ya mikono, mapishi au dawa kwa mgonjwa: nenda kwa -en na kwa vitenzi visivyo na mkia. *Loosen*, *dry*, *warm*, *empty* hueleweka hata kwa mwenye Kiingereza kidogo, kuliko *liquidize* au *humidify*.

Unabuni jina la bidhaa: -ify inashika haraka masikioni, ingawa soko limejaa majina yake. Jaribu kulitamka mbele ya watu wasiolijua, uone mkazo wanauweka wapi.

Wewe ni mtafsiri kwenda Kiswahili: usiuangalie mkia kabisa. *Hospitalize* ni kulaza, *apologize* ni kuomba radhi, *fasten* ni kufunga, *nullify* ni kubatilisha. Katika hayo manne hakuna hata moja lililohitaji -fanya iwe.